Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Ulinzi: Hata Kama Hamjui, Mwandikieni

Kwa Amiri Jeshi Mkuu, kwa Waziri wa Ulinzi, kwa Mkuu wa Majeshi, na kwa wabunge mlio katika kamati ya ulinzi.

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Naandika kwa niaba ya dada yangu, mke wa askari wa Kenya aliyekuwa katika kambi ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa na Al-Shabaab alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016. Tangu asubuhi ile hajaletewa mume, hajaletewa maiti, wala hajaletewa karatasi inayosema mumewe yuko katika hali gani. Mwaka huu imetimia miaka kumi.

Jina lake silitaji, na la shemeji yangu silitaji pia, kwa kuwa dada ameniomba hivyo. Anaogopa kwamba akionekana analalamika, faili litafungwa moja kwa moja. Mke wa askari hufundishwa mapema kunyamaza: usiulize amepelekwa wapi, usimwambie mtu anarudi lini, usipige picha kambini. Alitii hayo yote katika miaka ya ndoa yao, na nidhamu hiyohiyo ndiyo inayomfunga mdomo leo. Mimi sina kiapo chochote na jeshi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ombi lenyewe ni fupi. Mwambieni kwa maandishi, kwa sahihi na muhuri, mojawapo ya mambo matatu. Kwamba mumewe alikufa, na mlijuaje. Au kwamba alitekwa, na mara ya mwisho mlisikia nini. Au kwamba hamjui. Hilo la tatu nalo tutalipokea. Hakuna siku tuliyowataka mjue kila kitu kilichotokea kule. Tunachotaka ni yule aliyemtuma aseme, kwa jina lake, anachokijua na asichokijua.

El Adde iko Gedo, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mandera. Kambi ile ilikuwa ya kombania moja ya askari wetu waliokuwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Gari lililojaa vilipuzi lilitangulia, kisha wapiganaji wa Al-Shabaab wakaingia kwa wingi. Mnayajua hayo kuliko mimi. Mnajua pia kwamba taifa halikuwahi kupewa hesabu rasmi ya waliokufa. Al-Shabaab walidai wameua zaidi ya 100 na kuteka wengine wakiwa hai. Mwezi uliofuata Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia akasema kwenye runinga kwamba waliouawa ni kama 180, nanyi mkakanusha. Baadaye CNN ikatoa hesabu yake, 141. Dada alikuwa akiandika kila hesabu aliyoisikia nyuma ya kalenda ya ukutani, pamoja na tarehe na jina la aliyeitoa. Kalenda ile ya 2016 anayo hadi leo.

Kati ya 141 na 180 kuna watu 39. Gazetini tofauti hiyo ni ya vyanzo vya habari tu. Kwa mwanamke aliyeketi na kalenda magotini, ni wanaume 39 ambao mumewe anaweza kuwa mmoja wao, na kila mmoja ana mama, ana kitanda, ana watu waliokuwa wakimngojea likizo. Nanyi hamkumpa hesabu ya nne aiandike chini ya zile tatu.

Majeneza yalipoanza kushushwa uwanja wa ndege wa Wilson yakiwa yamefunikwa bendera, tulisikia kwamba miili mingine haitambuliki na kwamba itabidi DNA ipimwe. Baba mkwe wa dada alisafiri usiku kucha kutoka magharibi kwenda kutoa mate. Alirudi akatuambia amewaona wazazi wenzake pale, wamekaa kwenye benchi, hakuna anayeongea, kila mmoja ameshika kitambulisho chake mkononi. Alisubiri matokeo hadi alipofariki. Hakuna aliyewahi kumwambia kama mate yake yalilingana na mwili wowote au hayakulingana.

Tarehe 27 Januari 2016 kulikuwa na ibada ya kumbukumbu katika Kambi ya Moi, Eldoret. Marais watatu walihudhuria: wetu Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria. Dada hakwenda. Alishinda asubuhi ile mbele ya sanduku lake la nguo, hajui avae nini. Akivaa za msiba, amemzika mtu ambaye hakuna aliyemwambia amekufa. Akivaa za kawaida, ataketi vipi katikati ya wajane? Mwishowe alitazama kwenye runinga ya jirani, na khanga ya nyumbani. Najua ibada ile ilipangwa kwa heshima, na waliopoteza wapendwa wao waliihitaji. Lakini haikuwa na kiti cha mtu kama dada yangu, na tangu siku ile sijaona mahali popote nchini kiti hicho kilipowekwa.

Nataka muelewe maisha haya yalivyo, kwa sababu nadhani afisini yanaonekana kama faili moja linalosubiri faili lingine.

Mke wa mtu aliyepotea vitani si mke na si mjane. Mjane hupewa matanga. Watu hulala kwake, humpikia, humchangia, hukaa naye hadi aweze kusimama, kisha wazee huja kugawanya vitu na maisha huanza upya kwa uchungu wake. Dada hakufanyiwa lolote. Majirani walikuja wiki ya kwanza, wakaona hakuna jeneza, hawakujua wampe pole ya nini, wakapungua. Sisi ni Waluhya. Kwetu mtu akifa mbali na mwili usipatikane, wazee huzika mgomba mahali pake. Majirani zetu Wajaluo huzika tunda la yago. Hizi ni busara za watu waliojua tangu zamani kwamba mji hauwezi kukaa na mlango wazi milele. Wazee wa ukoo wa shemeji waliliweka shauri hilo mbele ya dada, kwa upole kabisa. Mgomba ulikuwa umeshachaguliwa, kando ya jiko la mama mkwe. Dada aliwauliza swali moja: "Na akirudi akute kaburi lake, nitamwambia nilikuwa na haraka ya nini?" Wazee waliinuka wakaenda zao. Hawajarudi na neno hilo, na mgomba ule umeshazaa vizazi vingi vya ndizi ambazo dada hazili.

Msimlaumu kwa kukataa. Aliyempa tumaini si ndoto. Al-Shabaab wenyewe walisema wana mateka. Mtu akishasikia hivyo, na serikali yake isiseme ndiyo wala hapana, mlitaka azike nini?

Simu ya shemeji ilijibiwa na ile sauti tunayoijua sote: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Kwa muda mrefu dada aliipiga usiku, watoto wakishalala, asikilize sauti hiyo hadi mwisho. Kisha siku moja simu ikaita. Akapokea kijana, anacheka na wenzake, nyuma kuna muziki. Laini ilikuwa imekaa bila kutumika, ikauzwa upya. Kijana yule hakukosa lolote. Alipoelezwa aliomba radhi, na bado hutuma salamu za Krismasi kwa mwanamke asiyemjua. Lakini dakika zile kabla ya kuelezana, kati ya simu kuita na kijana kusema "haloo", dada hawezi kuzisimulia mpaka leo.

Binti yao sasa yuko kidato cha tatu. Mwaka jana aliletewa fomu ya basari. Inauliza: baba yuko hai? Ndiyo au la. Kama la, ambatisha cheti cha kifo. Binti aliviacha visanduku vyote viwili, akaandika pembeni kwa penseli: yuko kazini. Fomu ilirudishwa kwamba haijajazwa sawasawa. Basari ikaenda kwa wenye vyeti. Hapo simlaumu karani. Sheria haikumpa kisanduku cha tatu. Cheti cha kifo hakitoki bila mwili au bila amri ya mahakama, na bila cheti, shamba lililo kwa jina la shemeji haliguswi, akiba yake haichukuliwi, wala mirathi haifunguliwi. Kila mlango unadai karatasi ambayo ni ninyi pekee mnaoweza kuianzisha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu asiposikika kwa miaka saba kwa wale ambao wangemsikia kama angekuwa hai, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amekufa. Miaka saba ya El Adde ilitimia Januari 2023. Tulichanga tukaenda kwa wakili. Alikuwa mtu mwema, alitupunguzia ada. Akaandaa maombi pamoja na hati ya kiapo, akamsogezea dada asome kabla ya kutia sahihi. Mimi nilikuwa kando yake. Kulikuwa na aya inayosema kwamba yeye, mke halali wa fulani, kwa kadiri ya ufahamu na imani yake, anaamini mumewe amefariki. Dada alipofika hapo akaweka kidole kwenye mstari ule, akamwangalia wakili.

"Na wao wameapa?"

"Akina nani?"

"Waliompeleka."

Wakili akamwambia kwamba sheria haiwadai kiapo. Dada akafunika kalamu, akairudisha mezani, tukaondoka. Hati ile bado iko afisini kwa wakili, haina sahihi.

Waheshimiwa, fikirieni jambo hili kwa utulivu. Askari alichukuliwa na taifa akiwa mzima. Alipewa nambari ya kazi, sare, bunduki na amri. Kila hatua ya kwenda kwake iliandikwa na mtu akatia sahihi: siku aliyoandikishwa, siku aliyohamishwa, siku aliyovuka mpaka. Lakini siku ya kuandika kwamba hayupo, kalamu anapewa mkewe. Ninyi wenye ramani, wenye redio, wenye waliookoka, wenye ripoti ya uchunguzi mliouagiza baada ya shambulio, mnakaa kimya. Mwanamke ambaye hajawahi kufika hata Garissa ndiye anayetakiwa asimame mbele ya jaji aape kwamba mumewe alikufa Somalia. Anaapia nini? Alichokiona? Hakuona kitu. Anachokijua? Anachokijua ndicho mlichokataa kumwambia. Huku ni kumfanya amuue mumewe kwa mkono wake mwenyewe ili mwanawe apate karo.

Kwa hiyo naomba zaidi ya barua. Naomba wabunge mbadilishe utaratibu huu, ili askari akipotea akiwa kazini, mzigo wa kwenda mahakamani uwe wa serikali iliyomtuma. Nyinyi ndio mlete maombi, nyinyi ndio muape, mkieleza mlimtafuta vipi na mlifika wapi, na familia iwe na haki ya kusikiliza na kuuliza. Miaka saba iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyetoka nyumbani asionekane tena, ambaye hakuna anayejua alikoelekea. Shemeji yangu hakuondoka hivyo. Mlijua yuko kambi gani, kombania gani, na pengine zamu gani.

Nimesikia jibu la siri za kijeshi. Naliheshimu pale linapostahili. Sitaki kujua kambi zetu ziko wapi leo wala zina silaha gani. Lakini Al-Shabaab wanajua waliwateka akina nani na waliwaua akina nani; ndio waliokuwa pale. Basi orodha ya waliopotea inafichwa nani? Katiba yetu, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyopitishwa mwaka uleule wa El Adde, inaruhusu siri kwa usalama wa taifa. Hatuombi orodha ibandikwe ukutani. Mke aambiwe habari za mumewe, nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Usalama wa nchi unadhurika wapi hapo?

Wala msiseme haiwezekani. Tarehe 26 Mei 2023 Al-Shabaab waliwavamia askari wa Uganda huko Buulo Mareer, Somalia. Siku kama nane baadaye Rais Museveni mwenyewe aliitangazia nchi yake kwamba wamekuta miili ya askari 54, kamanda wao akiwa mmojawapo. Unaweza kumpinga Museveni kwa mengi, na wapo wanaosema idadi halisi ni kubwa zaidi. Hata hivyo wake wa Waganda walipata neno la kushika, kutoka kwa mtu mwenye amri. Uganda haikuanguka kwa kulisema.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nalo, kwa azimio nambari 2474 la Juni 2019, lilizitaka pande zilizo vitani zitafute waliopotea na kuzipa familia habari zao. Kenya iliketi katika Baraza hilo mwaka 2021 na 2022, ikazungumza vizuri sana kuhusu amani ya Afrika. Niliwasikiliza mabalozi wetu kwa fahari. Nilitamani pia mtu mmoja tu kati yao akumbuke kwamba kuna nyumba huku kwetu ambazo azimio lile halijawahi kubisha hodi.

Jijini Nairobi, barabara ya Kenyatta, zipo sanamu za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi chini yake yanaahidi kwamba mtu akiifia nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wale, wa Kariakor (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza), walikufa bila majina yao kuwekwa popote, na familia zao hazikuambiwa. Mkoloni hakuona haja. Nilipokuwa shuleni mwalimu wetu wa historia alitufundisha hilo kama dhuluma ya wakati ule, wakati Mwafrika alipokuwa hesabu ya mizigo tu. Nataka niweze kumfundisha binti wa dada yangu vivyo hivyo, kwamba ilikuwa ya wakati ule.

Wapo watakaosema tunatafuta fidia. Kinacholipwa kwa haki kilipwe, na sioni aibu kwa hilo. Wapo watakaosema askari alijua alichojiingiza nacho. Alijua, naam. Alijua anaweza kufa, na hata dada alijua. Hakuna kati yao aliyekubali kwamba anaweza kuachwa bila kufa na bila kuishi.

Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na kila tarehe 14 Oktoba mnaadhimisha siku ya KDF. AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, ATMIS ikawa AUSSOM mwaka 2025. Makamanda wamestaafu, mawaziri wamebadilishwa, na maafisa waliokuwa vijana wakati wa El Adde sasa wana vyeo vikubwa. Naamini baadhi yenu mlio na mamlaka leo hamkuwa na mamlaka siku ile. Hamtetei kosa lenu mkinyamaza. Mnatetea la waliowatangulia. Ni rahisi zaidi kwenu kusema ukweli kuliko ilivyokuwa kwao.

Mkiamua kujibu, naomba mfanye hivi. Msimpigie dada simu. Akiona nambari asiyoijua hutetemeka hadi leo. Mtume afisa aliyevaa sare, na kasisi wa jeshi pamoja naye, waje mchana, watoto wakiwa shuleni. Waje na barua mkononi na wakubali kukaa, kwa sababu atakuwa na maswali, na mengine atayauliza mara mbili. Wakiwa na kitu chochote cha shemeji, hata kitambulisho, hata kiatu, wakilete. Kama barua inasema hamjui, waje vilevile, wamweleze mlitafuta wapi, mlimuuliza nani, mliacha lini na kwa nini mliacha, na ni afisa gani, kwa jina, atakayekuwa akimpigia kukiwa na jipya. Akishatoka kwa dada, afisa huyo apite kwa mama mkwe pia. Nyumba yake iko mbele kidogo, baada ya kanisa. Bibi haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo barua yake itabidi asomewe.

Wenu mwananchi,

Shemeji wa askari mmoja wa El Adde